Milima ya Wino ya Mama Nabintu

Kolwezi, Jumapili alasiri

Nsimire mwanangu,

Mambo ya blanketi, ya sabuni na ya chakula cha njiani baba yako ameyasema tangu asubuhi. Hivi ninavyoandika yuko uani anafunga sanduku lako kwa kamba, anaifungua, anaifunga tena, kana kwamba treni ya kesho haina kazi nyingine ila kukata kamba za watu. Mimi sitayarudia. Umekwenda kuaga rafiki zako, meza imebaki yangu, jua bado liko juu ya paa la jirani, na nimeona niandike yale ambayo kila nikitaka kuyasema, mdomo wangu unageuka na kukuuliza kama umekula.

Najua utakicheka Kiswahili changu. Unasema nikizungumza mimi ni mama wa Kolwezi, nikiandika mimi ni sista. Ni kweli, masista ndio walionifundisha kushika kalamu. Sababu iliyonipeleka kwao huijui vizuri, na nitakuambia humu.

Nataka kukuandikia juu ya ile picha. Tangu ulipojua kusimama umekuwa ukiiona pale ukutani, juu ya kiti cha baba yako: milima mitatu ya wino, mmoja nyuma ya mwingine, njia inayojipinda ikipanda, migomba, nyumba moja, na chini yake mahali peupe pasipo na kitu. Habari zake umezisikia kipande kipande, jinsi mtoto anavyosikia mambo ya nyumbani, kati ya kutumwa maji na kuambiwa kalale. Kwamba hukutoka tumboni mwangu unalijua tangu mdogo, hatukulificha. Lakini kutoka mwanzo mpaka mwisho sijawahi kukaa chini nikakusimulia. Isome barua hii ndani ya treni, pale ambapo nchi ni tambarare na hakuna cha kuangalia dirishani.

Nilifika Kolwezi nikiwa na umri kama wako sasa, wakati wa vita ya wazungu. Nilitoka Kasai kumfuata mume ambaye nilikuwa nimemwona mara chache tu. Kabeya, huyo baba yako anayehangaika na kamba, alifanya kazi kwenye shimo la Musonoi. Aliondoka kabla ya mwanga na kurudi na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mchana kutwa nilikuwa peke yangu katika nyumba ya matofali iliyofanana na nyumba zote za safu ile, hata siku za kwanza niliingia ya watu wengine na ndoo yangu kichwani, nikamkuta mwanaume anakula.

Sikujua Kiswahili. Pale bombani wanawake walisema, wakagombana, wakacheka, na mimi nikatabasamu. Ukitabasamu siku nyingi bila kusema neno, watu wanaanza kukuona mjinga. Ubaya wake ni kwamba na mimi nilianza kukubaliana nao.

Nyumba iliyofuata yetu ilikuwa ya Mugaruka, mtu wa milima ya mashariki, ambako kampani ilikuwa imekwenda kutafuta wafanyakazi. Mke wake alikuwa Nabintu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea kama mtu anayepanda mlima, hata hapa kwetu ambapo ardhi imelala. Nilimwona akitoka na ndoo yake, nikajikaza, nikamsalimu kwa salamu niliyokuwa nayo, ya Kiluba:

“Moyo!”

Akatua ndoo. Akaniangalia usoni, akaniwekea mkono kifuani.

“Moyo inakuluma, mama?”

Sikuelewa hata neno moja. Nikadhani hakusikia vizuri, nikasema kwa sauti zaidi: “Moyo! Moyo!”

Alinishika mkono, akaniingiza kwake, akanilaza kwenye mkeka, akachemsha majani fulani machungu na kunipa kikombe kizima. Nikanywa chote. Niliwaza kwamba labda watu wa kwao hivyo ndivyo wanavyopokea wageni, na nikahurumia wageni wao. Jioni waume zetu waliporudi, Kabeya alimweleza kwamba kwetu moyo ni salamu. Nabintu alicheka mpaka akakaa chini mlangoni, na mimi nikacheka kwa kumwona anacheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza Kolwezi. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya nyumba yetu na kuita kwa nguvu, “Moyo!” Kuanzia hapo nilikuwa na jirani.

Alinifundisha Kiswahili kwa kunionyesha vitu. Ndoo. Mbabula ya makaa. Kikwembe cha kujifunga. Chumvi. Moto. Vitu vya ndani ya nyumba vilipokwisha tukakwama, kwa sababu nilitaka kumwuliza ametoka wapi, na mahali mtu alipotoka hapawezi kuonyeshwa kwa kidole. Ndipo akaniambia nimngojee, akaenda kwake na kurudi na chupa ya wino na kalamu.

Kwao alikuwa amefundishwa kutarizi na masista, na huko kabla ya kushona maua wanayachora kwanza kwa wino juu ya kitambaa. Mkono wake ulikuwa umezoea. Kabeya alileta mfuko wa simenti kutoka mahali walipokuwa wakijenga, tukaupasua, tukaufuta vumbi, tukaupiga pasi ya makaa. Nabintu alikaa sakafuni kwangu, karibu na dirisha, akachora siku kadhaa, kila siku kidogo, huku mimi natwanga majani ya muhogo, sombe, nje na kuingia kila mara kuchungulia.

Milima ilipotokea kwenye karatasi nilifurahi kwa sababu niliamini nimeelewa. Nikamvuta mpaka nje, nikamwonyesha vile vilima vya udongo ambavyo kampani ilikuwa ikivimwaga kando ya shimo.

“Musonoi!” nikasema.

“Hapana, Kapinga. Ile bantu njo balimwanga. Hii hakuna muntu aliimwanga. Mungu njo alifanya.”

Nikafikiri tena, nikamwonyesha kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba za kambi. Hapo akashindwa kujizuia, akacheka. Sikuwa nimewahi kuona nchi iliyosimama, mwanangu. Nilikuwa mtu wa nchi iliyolala, na kitu ambacho hujakiona, hata ukichorewa vizuri namna gani, unakitafuta kati ya vile ulivyokwisha kuviona. Siku hizi mtu akinieleza jambo lake na nikajisikia nimemwelewa haraka, nakumbuka kichuguu kile na kumwomba aseme tena.

Alipomaliza nilimwonyesha mahali peupe, chini ya picha.

“Hapa haukumaliza?”

“Nilimaliza. Njo ziwa ile. Mayi haiko na wino.”

“Na nyumba? Haina mulango?”

Akaweka kidole kwenye njia ya wino, akasema: “Iko na mulango, ku ule upande ingine. Hii njo vile niliiona siku ya kutoka. Nilikuwa mu njia, nikageuka. Mama yangu alibakia ku mulango, ule upande, hakutaka nione vile analia.”

Nilielewa karibu yote. Hapo nikajua kwamba Kiswahili kimeniingia.

Mwaka uliofuata nilimzaa kaka yako Mutombo, na Nabintu ndiye aliyenishika mikono. Miezi michache baadaye zamu yake ikafika. Ulizaliwa asubuhi, mdogo sana, una sauti kubwa. Akakupa jina mwenyewe. Alinieleza kwamba kwa lugha ya kwao Nsimire ni kama mtu anayesema nimefurahi, nimeshukuru. Halafu homa ikamshika. Sitaandika mengi juu ya siku zile. Walimhangaikia kadiri walivyoweza, na Mugaruka alilala nje ya ukuta wa hospitali. Siku ya mwisho niliyoingia kumwona aliniuliza jambo moja tu, juu ya maziwa yangu.

“Kapinga, uko na maziba mingi?”

“Iko.”

“Basi.”

Hakuniomba kitu kingine. Hakuniambia mlee, hakuniambia usimwache. Aliuliza kama yapo, nikamjibu yapo, akafumba macho kupumzika. Mara nyingi nimelifikiria lile neno lake, basi. Katika maisha yangu yote hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniamini kwa maneno machache kiasi kile, na mpaka leo ninamshukuru kwa hilo kabla ya kumshukuru kwa lolote.

Nikawa na watoto wawili kifuani. Mutombo alikuwa wa kulia, wewe wa kushoto, na ole wake mtu aliyekosea. Wanawake bombani walinionya kwamba nitamkausha mwanangu kwa ajili ya mtoto wa watu. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, nikamwambia Kabeya. Unamjua baba yako, si mtu wa maneno. Alikuwa anapigilia misumari kwenye kreti kuukuu ili upate kitanda. Akasema bila kuinua kichwa:

“Sasa beko babili, sawa mapacha. Wee kula bukari mingi. Bale bamama bataona.”

Nikala ugali mwingi. Wakaona.

Mugaruka alikuja kila jioni kutoka kazini. Aliketi mlangoni, nikakuweka mikononi mwake, naye akakushika mbali kidogo na mwili wake, jinsi mtu anavyoshika taa, akiogopa kukuchafua. Mkataba wake ulipokwisha alisema lazima aende. Mama wa Nabintu, kambo yako, bibi mzaa mama, hakuwa na mtu wa kumpa habari ya kifo kile, na haikuwa habari ya kutuma kwa mdomo wa mwingine. Wewe hukuweza kusafiri. Njia ilikuwa treni, kisha meli ya ziwa, kisha kamio, yaani lori, siku nzima katika baridi ya milimani, na wewe chakula chako kilikuwa mwilini mwangu.

“Nitarudia,” akasema.

Aliiacha picha kwetu. Alisema mtoto akue nayo. Watu wa safu yetu walisema huyo harudi, ataoa huko, atasahau. Mimi sikuwa nikimngojea, na kadiri ulivyonenepa ndivyo nilivyozidi kutomngojea.

Na hapa ndipo masista wanapoingia. Kambini lilianzishwa darasa la wanawake, la kushona na kusoma. Wengi walikwenda kwa ajili ya kushona. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kalamu, kwa sababu ulikuwa umeota jino, na hapakuwa na namna ya jino lile kujulikana milimani. Kijijini kwao palikuwa na mwalimu wa dini aliyeweza kusoma. Barua yangu ya kwanza ilinichukua wiki nzima na ilisema tu kwamba mtoto mzima, ana jino, anauma. Baadaye nikaandika kwamba umesimama. Kisha kwamba umeanguka, na umesimama tena. Jibu lilipokuja, mwalimu yule aliandika kwamba kambo aliomba asomewe habari ya jino mara nyingi, mpaka yeye mwenyewe akachoka nayo.

Jioni, kabla ya chakula, nilikubeba mpaka kwenye picha. Huu mlima. Hii njia, hapa alipita mama Nabintu. Hii migomba. Nilikuwa nakufundisha nchi ambayo mimi mwenyewe sijaikanyaga, kwa maneno niliyofundishwa na mtu aliyekuwa amekwenda. Siku moja nilikuacha mbele yake nikaenda kugeuza bukari. Niliporudi ulikuwa umechukua kaa kutoka kwenye mbabula na kuchora duara lenye miguu katikati ya ziwa.

“Nani huyu?” nikapiga kelele.

“Ni wewe, mama. Uko naoga.”

Baba yako alijaribu kulifuta kwa mkate. Unajua jinsi alivyofanikiwa. Doa lenyewe bado lipo.

Kisha Mugaruka akarudi.

Wewe na Mutombo mlikuwa mnacheza na magari ya waya mbele ya nyumba. Nikamwona mwanzo wa safu, amevaa kofia, ana kikapu begani, anauliza watu njia ingawa aliijua. Sikungoja afike. Nilikuchukua, nikaingia ndani, nikafunga mlango na kukaa kitandani nawe mapajani. Baba yako alikuwa nje kwa sababu wiki ile alifanya zamu ya usiku. Nikasikia wanasalimiana, wanasalimiana kwa muda mrefu, kisha sauti ya baba yako mlangoni.

“Kapinga, fungua.”

“Niko navaa.”

“Unavaa nini saa hii? Fungua. Mugeni eko.”

Nikafungua. Mugaruka alikuwa amekonda, nywele za pembeni zimeanza kuwa nyeupe. Alinisalimu kwa heshima, akatua kikapu. Kilikuwa na maharagwe ya kambo, na kitambaa kidogo ambacho Nabintu alikitarizi alipokuwa msichana. Hakuketi mpaka alipoambiwa, na alipoketi alisema moja kwa moja, akiangalia sakafu:

“Mama ya Nabintu njo ananituma. Anasema mutoto wake alibakia mu inchi ya bantu. Basi mutoto ya mutoto wake akuye.”

Nikafungua mdomo na Kiswahili hakikutoka. Chote kilikuwa kimekimbia, ndoo, mbabula, chumvi, vyote. Nilikuwa tena yule msichana wa bombani.

Baba yako ndiye aliyejibu. “Eko mutoto wako, ndugu. Hatuna neno.” Lakini alisema akiwa amegeukia dirishani.

Ulishuka mapajani mwangu, ukamwendea mgeni, ukamshika kidole kimoja.

“Tata, kuya uone.”

Ukamwita baba kama mtu mzima yeyote, ukamsimamisha mbele ya picha. Kwa sababu hukufika juu, ulichukua mwiko wangu na kuonyesha nao.

“Hii mulima, hii mulima, hii njo mulima mukubwa. Hapa njia, mama Nabintu alipita hapa. Hii migomba, usikate. Hii nyumba ya kambo. Mulango iko ule upande. Kambo eko kule, analia, hapendi tumuone.”

Mugaruka alipiga magoti ili akuone usoni.

“Nani alikuambia kambo analia?”

“Mama.”

“Na huyu mu ziwa?”

“Huyu ni mama. Eko naoga.”

Nimewahi kuona watu wakilia na nimewahi kuona watu wakicheka, lakini Mugaruka alifanya yote mawili kwa wakati mmoja, kofia imefunika mdomo, na wewe ukamwangalia kwa makini kama mtu anayesubiri kujua upande upi utashinda.

Alilala kwetu. Asubuhi yeye na baba yako walikwenda kwenye kaburi la Nabintu, wakang'oa majani na kupanga mawe upya. Niliwapikia kuku, nikaziweka nguo zako pamoja, nikazikunja, kwa sababu nilijua ni haki yake na sikutaka akute sijajiandaa. Waliporudi aliziona nguo zile kitandani. Alikula kwanza. Kisha akaniita kwa jina.

“Mama Kapinga. Nilikuya kumubeba sababu nilisema hatajua kwabo. Kumbe anajua. Batoto ba kule habajue namna hii, beko naiona kila siku, habaiangalie. Nitamuambia kambo mutoto eko na mama. Siku atakuwa mukubwa, akipenda, atakuya na miguu yake.”

Akaningoja. Nilijua ananiuliza kitu, na kwamba jibu lake si asante.

“Atakuya,” nikasema.

Ni neno moja tu na lilikuwa zito kuliko ndoo zote nilizobeba hapa Kolwezi. Mpaka siku ile nilikuwa mtu wa kushtuka kila mlango ulipobishwa. Kila kofia mwanzo wa barabara ilikuwa yake. Nilikuwa nimekushika kwa nguvu hata sikuona kwamba mikono yangu inaniuma. Baada ya kulisema neno lile nililala usingizi mzima, na toka hapo nilikulea bila hofu. Tofauti yake niliiona kwenye chakula, kwenye nyimbo, hata kwenye jinsi nilivyokugombeza. Ukija kumpenda mtu, mume au mtoto au mgonjwa wako wa hospitali, na ukajikuta unafunga mlango, jiulize unamwogopa nani. Sisemi usifunge. Mimi nilifunga. Nasema ujiulize.

Na sasa umekuwa mkubwa, umependa, na unakwenda na miguu yako. Ulipochaguliwa kwenye shule ya wauguzi ya huko milimani, baba yako Mugaruka aliandika kwamba kambo amesafisha chumba kabla hata barua haijasomwa mpaka mwisho. Amezeeka sana, haoni vizuri, lakini amengoja. Miaka yote hii hakutuma tena mtu, hakulalamika. Alituma maharagwe. Ni mwanamke ambaye sijamwona na ninamheshimu kuliko wengi niliowaona.

Juzi niliishusha picha ili niifunge kwenye sanduku lako. Ukanikuta na gazeti na kamba. Ukasema, “Mama, iache. Mi niko naenda kuona yenyewe. Wewe utabakia na nini?” Niligombana nawe kidogo kwa ajili ya desturi. Ukweli ni kwamba nilifurahi mpaka nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Kwa hiyo utakwenda bila picha, na naona ni vizuri. Usiitafute utakapofika. Ule wino ulikuwa mweusi, sasa umegeuka kahawia. Wanasema milima yenyewe ni ya kijani mpaka juu na mchana inaingia mawinguni isionekane. Migomba itakuwa mingine. Nyumba labda ina bati. Nabintu alichora kile anachokiona mtu anayeondoka, wakati wewe utakuwa unafika, na njia hiyo itakuleta nyuma ya nyumba. Usisimame pale. Zunguka.

Watakucheka unavyosema lugha yao. Waache wakucheke, ucheke nao. Mimi nilikunywa kikombe kizima cha majani machungu na sikufa. Baba yako Mugaruka ana mke na watoto huko. Mke yule alikubali chumba chako kabla ya kukujua, kwa hiyo mwite mama kwa moyo mweupe. Usiogope kwamba neno hilo litapungua ukiligawa. Nililigawa na Nabintu tangu siku yako ya kwanza na halijaniishia. Ukimpenda sana kambo, niandikie hivyo. Usinifiche ili kunilinda. Nitasoma kwa furaha, na nikilia kidogo baba yako atajifanya anatafuta nyundo.

Watu hapa wananisifu kwamba nimemlea mtoto wa mwenzangu. Nawaacha waseme, lakini wewe ujue hesabu hiyo wameigeuza kichwa chini. Mimi ndiye niliyepewa. Mutombo alipata mtu wa kupigana naye na wa kumtetea. Kabeya, mtu asiye na maneno, alipata msichana aliyemlazimisha kusema. Mimi nilipata kusoma na kuandika, na jirani ambaye hata baada ya kwenda kaburini aliendelea kunipa watu: Mugaruka, kambo, na wewe. Kwa hiyo nimekaa hapa mezani nashukuru, na nikitafuta uchungu wa kuandika siupati ila ule mdogo wa kesho asubuhi, ambao utapita.

Nina ombi moja. Utakapomkuta kambo, mkumbatie muda mrefu kuliko adabu inavyotaka. Mwambie jina langu polepole, ni jina la Kasai, huenda likamshinda. Atakushika uso kwa mikono kwa sababu macho yake ni dhaifu, na kila mtu anasema una uso wa mama yako, na mimi niliyeuona ule uso nasema hivyo hivyo. Inawezekana akasahau. Inawezekana, kwa furaha au kwa uzee, akakuita Nabintu.

Usimsahihishe. Itika.

Mama yako,
Kapinga